Jurnali ya saa 20: anayelipa ndiye anayeonekana

Jurnali ya televizio inayoanza Kinshasa saa 20 inatufikia sisi wa Kasongo na Kabambare saa 21. Si kwamba inachelewa njiani. Saa ya Maniema iko mbele ya saa ya Kinshasa. Lakini hiyo saa moja ina bei yake. Saa 21 batri ya pano imeanza kuchoka, na mwenye gurupe anatikisa bidoni ya esansi na kujiuliza: je, kweli kuna kitu cha kuangalia? Swali lake ni la maana, na leo tunataka kumsaidia kulijibu. Tumeangalia jurnali kwa miaka mingi, tumeizoea kama mtu anavyozoea mvua ya Novemba, na tunaweza kumpa msomaji wetu jurnali nzima ya kesho bila kungoja kesho.

Mukubwa amepokea mukubwa

Habari ya kwanza: mukubwa amepokea mukubwa mwenzake. Tunaona viti vya ngozi, maua ya plastiki juu ya meza, chupa mbili za maji ambazo hakuna anayezigusa. Midomo inatembea lakini sauti haitoki, juu ya picha mwandishi anatuambia kwamba wawili hao "wamezungumzia mambo yenye faida kwa pande zote mbili." Mambo gani? Faida gani? Hayo hatuambiwi. Mgeni anatoka, mikro kumi zinamwendea mdomoni, naye anasema ameridhika. Tangu tuanze kuangalia, hatujaona mgeni hata mmoja aliyetoka bila kuridhika.

Habari ya pili: seminere. Ukumbi wa hoteli, banderole ukutani, waziri anafungua. Watu wanaandika katika kaye mpya. Kesho yake mkubwa mwingine anafunga. Tunajua ilifunguliwa, tunajua ilifungwa; ya katikati hatuyajui, ila tunaona meza ya kahawa. Jurnali ya Kiswahili, ambayo mara nyingi ni ile ya Kifaransa iliyogeuzwa neno kwa neno, inaita kitu hiki "atelye ya kuimarisha uwezo." Mama mmoja jirani yetu ameuliza zaidi ya mara moja: "Uwezo ya nani?" Hatujapata jibu la kumpa.

Habari ya tatu: shukrani. Ndugu yao fulani amepewa cheo, na watu wa kwao wamevaa liputa ya rangi moja, wamekuja kucheza mbele ya kamera. Msemaji wao anasoma karatasi. Anashukuru kwa kupewa cheo kabla ya cheo kufanya kazi yoyote. Kazi ikija kuharibika, hakuna anayerudi na liputa kusema samahani.

Habari ya ine: zawadi. Magunia kumi ya mchele na hotuba ya magunia ishirini. Mzee mmoja anasukumwa mbele, anapewa sahani ya chumvi, anaambiwa acheke. Sisi wa Kasongo, tunaolima mpunga na kuupeleka mbali, tunaangalia yale magunia tu na kujiuliza mchele ule ulilimwa wapi.

Kisha, kama wakati umebaki, zinakuja habari za majimbo. Nchi iko na majimbo 26, na yote yanagawana dakika ambazo hazitoshi kuchemsha yai. Zamu ya Maniema ikifika, tunaona uwanja wa ndege wa Kindu. Ndege inatua, mlango unafunguka, mukubwa anashuka, watoto wa masomo wanaimba, motokari zinaondoka na vumbi. Imeisha. Mtoto anayeangalia tele peke yake anaweza kukua akifikiri Kindu ni jina la uwanja wa ndege.

Na Kasongo? Kasongo iko zaidi ya kilometa 200 kutoka Kindu kwa barabara, na kamera haina miguu. Kabambare iko mbali zaidi tena. Ile wanaitaja pale bunduki inalia, kwa sekunde chache, bila picha, na jina lake linatamkwa kama jina la inchi ya ng'ambo.

Ambelopo

Msomaji atasema: hawa bajurnaliste hawajui kazi. Hapana. Wengi wanaijua vizuri sana. Ugonjwa uko pengine, na jina lake kila mtu wa kazi hii katika Kongo analijua: kupaje. Neno limetoka kwa Kifaransa cha kukata, na kweli linakata.

Inaenda hivi. Mwenye sherehe anapeleka barua ya mwaliko ku redaksio. Redaksio inatuma mwandishi na mtu wa kamera. Sherehe ikiisha, mtu wa protokole anapita na ambelopo. Kwa adabu wanaiita "transpori," hata kama mwandishi alikuja kwa miguu kutoka avenyi ya pili. Ambelopo inagawanywa: ya mwandishi, ya kamera, pengine na ya yule anayepanga habari za usiku, maana bila yeye picha zinaweza kupotea. Usiku, sherehe inapita ku tele. Mahali ambelopo haikutoka, nafasi haikupatikana.

Ndiyo sababu jurnali imejaa watu walioridhika. Asiyeridhika halipi.

Tusiwacheke sana waandishi. Katika redaksio nyingi mshahara ni kidogo, unachelewa, au haupo kabisa. Mwandishi ana watoto, watoto wako na masomo, masomo iko na minervali. Mwenye televizio anajua hayo, na anamwambia bila kusema: nenda ukajitafutie. Hapo ndipo kazi inapogeuka. Mwandishi asiyelipwa na mwenye televizio atalipwa na mwenye habari. Na mwenye habari akilipa, habari ni yake.

Mwenye televizio mwenyewe, mara nyingi, ni nani? Ni mwanasiasa. Kinshasa iko CCTV ya Jean-Pierre Bemba. Lubumbashi kulikuwa Nyota ya Moïse Katumbi. Zote mbili ziliwahi kukatwa wakati mabwana wao walikuwa upande wa upinzani. Mtu wa siasa hajengi televizio ili asikie habari. Anajenga ili asikike. Na wengine wakitaka kumnyamazisha, wanazima tele, na wafanyakazi wote wanarudi nyumbani kwa ugomvi ambao si wao.

Sasa fikiria ni nani kwetu anayeweza kulipa. Barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare haiwezi kuandika barua ya mwaliko. Mto Luama ukijaa hautumi protokole. Mama anayejifungua njiani, juu ya piki-piki, kwa sababu lopitali iko mbali, hana ambelopo mkononi. Mwalimu anayefundisha watoto chini ya majani yanayovuja hana banderole. Wote hawa wana habari, tena nzito kuliko ya viti vya ngozi. Lakini kwa jurnali ya kulipwa, mtu asiye na franka ni mtu asiye na habari.

Wingu la Mobutu

Wazee wetu wanasema zamani ilikuwa vizuri. Tunawaheshimu wazee, lakini hapa tusidanganyane. Televizio ilianza Kinshasa mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kuchukua utawala, na kwa miaka mingi jurnali ya Zaïre ilifunguliwa na sura yake ikishuka kutoka mawinguni kama malaika. Kila usiku alishuka, na hakuna aliyemwona akipanda tena. Baada ya hapo zilifuata sifa zake, safari zake, na watu waliocheza kwa ajili yake. Liputa ya rangi moja haikuanza jana.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja. Magazeti yakaamka, yakasema mambo ambayo watu walikuwa wanasemea chumbani. Sheria ya 22 Juni 1996 ikaweka haki na mipaka ya kazi ya habari, na redio na televizio za watu binafsi zikaota kama uyoga baada ya mvua. Tulifikiri wingu limeisha. Kumbe liligawanywa. Kila mukubwa akapata wingu lake dogo, kwa bei ya sokoni.

Ndiyo tofauti kati ya zamani na leo. Zamani mtu mmoja alisifiwa bure, kwa nguvu. Leo yeyote anasifiwa, mradi alipe. Wengine wanaiita demokrasia ya habari.

Na sheria haikosi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na kwamba vyombo vya habari vya Serikali ni kazi ya watu wote, ambayo mawazo yote ya siasa na ya jamii yanapaswa kuingia kwa usawa. Katiba hiyohiyo iliunda baraza la kuchunga mambo haya, CSAC, na sheria ya 10 Januari 2011 ikaeleza kazi zake. Kwa karatasi, sisi wa Kabambare tuko sawa na mtu wa Gombe, mtaa wa wakubwa wa Kinshasa. Ku tele, mtu wa Gombe akikohoa tunajua. Sisi tukizama mtoni, tunaambiana wenyewe.

Nyangwe, mwaka 1871

Mtu anaweza kututetea hao wa Kinshasa: bila barabara, bila umeme, bila antena, habari nzuri itatokaje kwenu? Historia ya hapa kwetu inakataa.

Mwaka 1871 David Livingstone, mzungu wa Uskoti, alikuwa ku soko la Nyangwe, pembeni ya Lualaba, si mbali na Kasongo. Kabla ya hapo alikaa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, akiwa na vidonda vya miguu na hawezi kutembea. Karatasi zilimuishia. Akachukua gazeti la zamani la Uingereza akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kwa mimea. Hapakuwa na kamera wala mikro, na transpori ilikuwa miguu yenye vidonda.

Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wenye bunduki walifyatua risasi katikati ya wauzaji, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mitumbwi walizama. Livingstone alikuwa pale. Aliandika namna ilivyoanza na kile alichokiona mtoni, akaandika pia hesabu waliyotoa wafanyabiashara wenyewe: kati ya watu 330 na 400. Maneno yale yalitembea kwa miguu hadi Ujiji, na mwaka 1872 Stanley akayapeleka Ulaya. Waliosoma walitetemeka. Habari ya Nyangwe ilitia nguvu madai ya kumaliza biashara ya watumwa, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa.

Yeye pia hakuwa malaika. Wataalamu waliosoma lile daftari kwa mashine za mwanga, wakatoa matokeo mwaka 2011, waliona kwamba alipoandika upya habari ile alilainisha mambo yaliyohusu watu wa msafara wake mwenyewe. Kwa hiyo hata yule aliyekuwa pale anapaswa kuulizwa maswali. Lakini tazameni alichofanya: alikuwa pale, aliandika hesabu na mahali ilipotoka, alisema nani alimfanyia nani. Ni mambo matatu tu. Kwa hayo matatu, soko la kando ya Lualaba lilisikika hadi London. Leo Kinshasa iko na satelaiti juu ya kichwa, na soko lile halisikiki hata Kinshasa.

Inatugharimu nini

Wengine watasema: kama jurnali ni mbaya, zima tele ulale. Tungelala, kama kukosa habari kungekuwa kukosa mchezo tu. Lakini kwetu habari ni kitu cha kuishi nacho, kama chumvi.

Chukueni Salamabila, katika teritware ya Kabambare. Pale kuna mgodi wa dhahabu wa Namoya, ambao kampuni ya Banro ilianza kuuza mazao yake kwa ukamilifu mwaka 2016. Pale pia kuna watu waliokuwa wakichimba kwa mikono yao kabla ya mashine kuja, na vijana wenye silaha, na askari, na familia zinazohama kila mara risasi zinapolia. Julai 2019 wafanyakazi wa mgodi walitekwa nyara. Septemba mwaka uleule Banro ilitangaza kwamba inasimamisha kazi. Ndani ya habari hiyo kuna maswali ya miaka: nani alipoteza shamba, nani alilipwa, nani aliahidiwa kazi, dhahabu ilikwenda wapi, vijana walipata silaha namna gani. Hayo ni mambo ya kufuata miezi na miezi, kukaa na watu, kurudi tena. Jurnali ya ambelopo haiwezi, maana haina mtu wa kulipia. Inangoja hadi mukubwa aende Salamabila kwa elikopta. Hapo itatuonyesha elikopta.

Chukueni pia surua. Mwaka 2019 ugonjwa ule ulipita majimbo yote 26 ya Kongo, na hadi mwanzo wa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilihesabu zaidi ya watu 6,000 waliokufa, wengi wao watoto wadogo. Wakati uleule Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Hadi mwisho wake, mwaka 2020, iliua watu 2,287. Hatusemi Ebola ilikuwa kitu kidogo. Tunasema kamera zote zilielekea upande mmoja, za hapa na za dunia, kwa sababu upande ule ulikuwa na magari meupe, mikutano na pesa. Mtoto aliyekufa kwa surua, dawa yake ya kukinga iko tangu mababu, hakuleta habari mpya. Na mama ambaye hakusikia habari hakujua kwamba kikohozi na macho mekundu ya mtoto wake vina jina.

Mahali habari inakosa, uvumi haungoji. Sisi tunapata mambo kwa redio, kwa dereva wa piki-piki, kwa shehe baada ya sala ya Ijumaa na kwa padri baada ya misa, kwa simu ya yaya aliyeko Kindu. Siku hizi kuna WhatsApp, ambayo haina ambelopo lakini haina wa kuchunguza pia. Sauti moja isiyo na jina inasema: "Muache kupita ile njia, bandi iko pale." Mwenye duka anafunga, chumvi inapanda bei, mgonjwa analala njiani. Siku tatu baadaye tunajua haikuwa kweli. Au tunajua ilikuwa kweli, na hatukuamini kwa sababu ya ile ya juma lililopita. Mwongo wa WhatsApp na mnyamavu wa televizio wanafanya kazi moja, bila kujuana.

Tufanye nini

Hatutaki kumaliza kwa kulia, maana kilio nacho kinapita ku jurnali ikiwa kina ambelopo.

Mfano uko. Tangu 25 Februari 2002 Radio Okapi, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, inasema habari kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Siri yake haikuwa uchawi. Iliwalipa waandishi wake, na ikawakataza kuchukua kupaje. Mtu aliyelipwa anaweza kusema "hapana" kwa mtu wa protokole. Asiyelipwa anasema "asante, Excellence." Lakini pesa ya Okapi ilitoka ng'ambo, na pesa ya wageni siku moja inapanda ndege na wageni. Kwa hiyo swali linabaki kwetu: nani atalipa ili tusikie?

Kwa wenye televizio tunasema: kabla ya kununua kamera nyingine, lipeni yule anayeishika. Kwa wabunge wetu wa Maniema, ambao tunawaona ku tele wakishukuru na kushukuriwa: siku mkipanga bajeti, ulizeni habari za majimbo zinapewa kiasi gani, na mwandishi wa Kasongo anafika Kabambare kwa pesa ya nani. Kama anafika kwa pesa yenu, ataona kile mnachotaka aone. Kwa CSAC: pimeni ku saa, usiku mmoja tu, ni dakika ngapi zilikwenda kwa watu waliokaa juu ya viti vya ngozi, na ngapi kwa watu waliokaa chini.

Na sisi tunaoangalia tuko na kazi yetu. Habari ikipita, tuulize maswali matatu mbele ya watoto wetu, kwa sauti: Mwandishi alikuwa pale? Nani alihesabu? Nani alilipa gari? Tukiuliza hivyo kila usiku, watoto watakua na masikio makali. Na siku mmoja wao atashika mikro, mtu wa protokole atapata shida naye.

Barabara ya Kabambare haitakuja na ambelopo, wala Luama, wala mama wa juu ya piki-piki. Anayewataka awafuate.